Seleri, Presha na Subira: Bustani Yetu ya Nyeri



Wiki hii twaomba idhini yenu tuzungumze juu ya mboga moja, na juu ya kosa lililotendeka nyumbani kwetu kwa sababu ya mboga hiyo. Hatulitaji ili kumwaibisha mtu. Mwenyewe ndiye aliyetuamuru tuliandike, akasema huenda kosa hilo hilo linabisha hodi leo katika nyumba nyingine.

Sisi ni watu wa Mombasa tulioletwa Nyeri na kazi. Nyeri ni mji wa milimani: upande wa mashariki kuna Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na upande wa magharibi kuna safu ya Nyandarua. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu hukaa juu ya mabati mpaka saa nne za asubuhi. Mama yetu mzazi, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, alipomaliza eda ya marehemu baba alikuja kukaa nasi. Alikuja na kasha la nguo, chetezo chake cha udi, na kifuko cha vidonge vya presha alivyokuwa akivimeza kwa miaka mingi.

Haukupita muda mrefu, mgeni mmoja akamwonyesha video katika simu. Ilisemwa humo kwamba glasi moja ya maji ya seleri kila asubuhi, kabla ya kula kitu, hushusha presha bila ya haja ya kidonge. Bi Mkubwa akatutuma sokoni, nasi tukamnunulia kwa furaha, tukidhani mama ameipenda mboga. Tukamsagia, tukamchujia, akanywa. Tusilolijua ni kwamba vidonge vilikuwa vimerudi ndani ya kasha, chini ya kanga.

Wiki ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alishindwa kushika kikombe cha kahawa. Kichwa kilimuuma sana, na macho yakawa hayaoni sawasawa. Tulimkimbiza hospitali. Presha ilikuwa imepanda hata daktari akaona ni lazima apime mara ya pili. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakupooza. Daktari alipouliza ni vidonge gani alivyovitumia siku hizo, Bi Mkubwa alinyamaza, nasi tukatazamana. Maneno ya daktari yalikuwa machache: "Mboga ni chakula, mama, kula. Kidonge ni dawa, meza. Kimoja hakikai mahali pa mwenzake."

Tuliporudi nyumbani, Bi Mkubwa alikaa siku kadhaa bila ya kuzungumza sana. Ndipo jirani yetu, bibi wa Kikuyu tunayemwita Cucu kama wajukuu zake wamwitavyo, alipokuja kumjulia hali akiwa na chupa ya uji. Aliposikia kisa chote hakucheka. Alisema, "Dada, mboga haikukudanganya. Waliokudanganya ni watu. Njoo tuipande, uijue." Hivyo ndivyo seleri ilivyoingia katika bustani yetu, na hayo tunayoyaeleza hapa chini ni mambo tuliyojifunza kwa misimu mitatu, miwili ya hasara na mmoja wa kheri.

Tuanze na jina. Wauza mboga wa Kenya huiita seleri. Kamusi nyingine huandika figili, lakini neno hilo kwa asili yake ya Kiarabu ni jina la mboga nyingine, ile ya mzizi mkali. Waarabu huiita seleri karafsi, na tabibu Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliitaja katika kitabu chake cha al-Qanun. Ni mmea wa zamani mno: majani yake yalikutwa katika mashada ya maua ndani ya kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale. Seleri ya mwituni ilikuwa nyembamba na chungu. Watunza bustani wa Italia na Ufaransa ndio walioichagua na kuipandisha kwa vizazi mpaka ikapata vikonyo vinene vyenye maji, ambavyo ndivyo tuvilavyo leo. Ziko aina tatu: ya majani, ya mzizi, na hii ya vikonyo tunayoizungumzia.

Asili ya mmea huu ni mahali penye majimaji, na mtu akilifahamu hilo amefahamu nusu ya kazi. Mizizi yake ni mifupi, haizami mbali ardhini. Wataka udongo uliojaa mbolea, maji yasiyokatika, na hewa ya ubaridi wa wastani, baina ya nyuzi 15 na 21 za Selsiasi. Joto likizidi nyuzi 25 kwa siku nyingi, vikonyo huwa vyembamba, vyenye nyuzinyuzi na uchungu. Kwa sababu hiyo miji ya Mlima Kenya, kama Nyeri, Karatina na Othaya, inafaa sana. Nanyuki nayo ina ubaridi, lakini mvua yake ni haba, na mwenye kupanda huko hana budi kuwa na maji ya uhakika. Embu iko chini zaidi na ina joto zaidi, kwa hiyo huko kivuli cha mchana ni muhimu.

Msimu wetu wa kwanza uliharibika kitaluni. Mbegu ya seleri ni ndogo kuliko punje ya mchanga mnene; gramu moja yaweza kuwa na mbegu zaidi ya 2,000. Tuliifukia kama tunavyofukia mchicha, tukangoja wiki, tukangoja ya pili, tukakata tamaa na kuugeuza udongo. Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, mbegu hii yahitaji mwanga ili iote, hivyo haifukiwi. Hunyunyizwa juu ya udongo laini uliochujwa na kubonyezwa kidogo kwa kiganja. Pili, huchukua wiki mbili hadi tatu kuchomoza, na sisi hatukuwa na subira hiyo.

Namna iliyotufaa ni hii. Tuliiloweka mbegu usiku mmoja. Tukachukua karai bovu lililotobolewa chini, tukalijaza udongo mwekundu wa hapa, samadi ya mbuzi iliyokwisha oza, na mchanga, sehemu sawa. Tukamwaga maji kwanza, kisha tukanyunyiza mbegu, tukafunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Maji hayamwagwi tena kwa kopo, kwani huzisukuma mbegu pembeni. Hupulizwa kwa chupa ya kunyunyizia, au karai huwekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo ujinywee kutoka chini. Vichipukizi vilipotokea tuliondoa nailoni. Vilipokuwa na majani mawili ya kweli tulivipunguza, kila mmoja ukapata nafasi ya vidole viwili.

Miche hukaa kitaluni wiki nane hadi kumi, mpaka ifike kimo cha sentimita 10 hadi 15. Ni muda mrefu, na hapa ndipo hesabu ya majira inapohitajika. Majirani zetu Wakikuyu huziita mvua za Machi hadi Mei mbura ya njahi, na zile za Oktoba hadi Desemba mbura ya mwere. Katikati kuna gathano, majira ya baridi na mawingu. Msimu wa pili sisi tuliihamisha miche mwezi wa Juni, ikapigwa na usiku wa baridi ikiwa bado midogo. Cucu alikuwa amekwisha kutuonya. Seleri changa ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi kwa siku nyingi mfululizo, huhisi kama kwamba mwaka wake umekwisha, na baadaye hutoa shina la maua badala ya kunenepesha vikonyo. Ndivyo ilivyokuwa: tulipata maua meupe mazuri, na mboga ngumu isiyotafunika.

Kwa hiyo sasa twapanda kitaluni mwezi wa Januari ili tuhamishe mvua za Machi zinapoanza, na kuvuna kuanzia mwisho wa Juni. Mwenye kutaka msimu wa pili na apande kitaluni mwezi wa Agosti, mahali palipofunikwa usiku, ahamishe Oktoba, avune Januari.

Kabla ya kuhamisha, twachimba tuta kina cha jembe moja na kuchanganya samadi iliyooza, ndoo mbili kwa kila hatua ya mraba. Mwenye uwanja mdogo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mijini, aweza kutumia gunia au ndoo iliyotobolewa. Mche mmoja kwa kila ndoo ya lita kumi watosha. Katika tuta, miche hupandwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Moyo wa mche, pale majani machanga yanapochipukia, usifukiwe kabisa. Kisha twatandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa, nalo ni maji. Seleri haitaki mafuriko leo na ukame kesho. Maji yakikatika siku nne kisha yakamwagwa mengi kwa pupa, vikonyo hupasuka au huwa na uwazi ndani, na majani machanga ya katikati huweza kuungua na kuwa meusi, kwa kuwa mmea umeshindwa kuifikisha chokaa ya udongoni mpaka moyoni mwake. Kipimo chetu ni kidole: ukikizamisha kwenye udongo hadi pingili ya pili na kikatoka kikavu, umechelewa.

Maji hayo tumeyapata wapi? Mbali na mapipa ya mvua, tumeelekeza bomba la mahali petu pa kutawadhia liingie tutani. Maji ya udhu hayana sabuni wala mafuta, na katika nyumba yenye watu sita wanaosali sala tano ni maji yasiyokuwa machache. Zamani yalipotelea njiani. Hata hivyo tusisahau kwamba mito ya mlima huu ina wenyewe wengi chini, hadi kwa wafugaji wa Laikipia na Isiolo. Mboga inywayo sana kama hii ipandwe kwa kadiri ya maji uliyo nayo. Miche kumi na miwili iliyonyweshwa vyema ni bora kuliko hamsini yenye kiu.

Maradhi na wadudu hayakosekani. Vidukari hukaa chini ya majani. Twavipuliza kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha twayasafisha majani siku ya pili. Koa huja usiku wakati wa mvua, nasi huwaokota kwa taa baada ya sala ya isha. Ugonjwa mbaya zaidi ni ukungu unaoleta madoa ya kahawia yenye vitone vyeusi juu ya majani. Huenezwa na matone ya maji, kwa hiyo twamwagilia chini ya shina, hatugusi mimea ikiwa imelowa, twang'oa majani yenye madoa na kuyachoma, na hatupandi seleri wala karoti wala dania katika tuta hilo hilo msimu unaofuata, kwani zote ni za ukoo mmoja.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, mwenye kupenda vikonyo laini vyenye rangi ya kijani hafifu huvizungushia karatasi ya kaki na kuifunga kwa kamba bila ya kukaza, majani yakibaki nje. Visipopata mwanga hupungua ukali. Akina mama, tahadharini na karatasi mnayoitumia: isiwe yenye aya wala majina matukufu, kwa hiyo jarida hili nalo litafutieni kazi nyingine. Asiyefunga karatasi hakukosea; seleri ya kijani kibichi ina ladha zaidi, na sisi sasa hatufungi.

Mavuno huanza miezi mitatu hadi minne tangu kuhamisha. Hakuna haja ya kung'oa mche mzima. Vunjeni vikonyo vya nje vilivyokomaa, vya ndani viendelee kukua, na mche mmoja utawalisha wiki nyingi. Mwenye kuvuna mingi juani na avae glovu na mikono mirefu, kwani utomvu wa seleri ukikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua waweza kutoa malengelenge.

Ziada yetu ilipelekwa na Cucu sokoni Karatina, soko ambalo akina mama wa mlima huu wamelijenga kwa migongo yao. Kazi ya mboga si ngeni pale: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliweka kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, wakulima wa huko wakakilisha, na vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa. Wanunuzi wa seleri ni wenye mahoteli na wapishi wa mjini. Si mboga ya kila nyumba, kwa hiyo asipande mtu shamba zima kabla ya kumjua mnunuzi wake.

Jikoni, Bi Mkubwa aliikataza kabisa isiingie kwenye pilau. Katika supu ya mbuzi ya futari, hata hivyo, ameipa heshima. Vikonyo hukatwa vidogo na kukaangwa pamoja na kitunguu na karoti kabla ya kutia maji. Majani hutiwa mwisho. Hapa ndipo tulipoipata faida ya kweli. Daktari alikuwa ametuambia tupunguze chumvi, na supu yenye chumvi kidogo ilikuwa haipiti kooni mwa mama. Harufu na ladha ya seleri ilituwezesha kupunguza chumvi mpaka nusu bila ya mtu kulalamika. Presha hainywewi glasi moja ikaisha, lakini chungu chenye chumvi kidogo, kila siku, ni msaada kwa vidonge.

Na kwa kuwa video zile bado zinazunguka katika simu za mama zetu, twaomba mzishike nasaha hizi. Seleri karibu yote ni maji, na kuila ni jambo jema. Wataalamu wanaichunguza, hatukatai. Ila hakuna mwenye presha anayepaswa kuacha dawa yake kwa sababu ya juisi. Anayetumia dawa ya kuyafanya damu yasigande, au mwenye maradhi ya figo, na amwulize daktari kabla ya kuinywa kwa wingi. Mjamzito asitumie mbegu zake kama dawa, na mbegu za kupandia zisiliwe kamwe, kwani nyingi zimetiwa kemikali. Tena wapo watu ambao seleri huwadhuru kwa mzio. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni mojawapo ya vyakula 14 ambavyo sheria huamuru vitajwe waziwazi kwa mlaji.

Nyinyi mlioko Mombasa, Lamu na Malindi mtauliza: nasi je? Hatutawadanganya. Seleri ya vikonyo vinene haitawapendeza kwa joto la huko. Jaribuni ile ya majani, katika ndoo, kwenye kivuli cha ukuta, mkianza wakati wa upepo wa kusi ambapo hewa ni nafuu. Majani yatawatosha kwa supu.

Tumalizie tulipoanzia. Leo hii, kila baada ya sala ya alfajiri, Bi Mkubwa huvaa sweta juu ya kanga na kufungua dirisha la nyuma. Juu ya kizingiti cha dirisha hilo, ubavuni mwa kopo la kumwagilia, ndipo anapoweka kifuko chake cha vidonge, kasha amelikataa. Humeza kidonge kwanza, kisha hulichukua kopo. Tulipomwuliza kwa nini amevipanga hivyo, alitujibu, "Wanangu, yule mmea nikimsahau siku mbili huninyaukia, na kila mtu akaona. Mimi nilijisahau wiki tatu, na hapana aliyeona."

Maneno hayo yalituchoma sisi kuliko yeye, kwa kuwa tulikuwa tukimsagia glasi yake kila asubuhi na hatukuwahi kumwuliza. Basi, wasomaji wetu, leo mkirudi nyumbani waulizeni mama zenu, kwa upole, kama wamemeza dawa. Kisha, mwenye kipande cha udongo na apande.

Wabillahi tawfiq.